Mtu Aliyehesabu Wanyama wa Mwani

Mpaka leo sijui niseme yule mwalimu alikuwa mtu wa namna gani. Kazi yake naijua, maana niliketi nyuma ya darasa lake si mara moja. Alifundisha jinsi ya kukusanya wanyama wadogo wanaoishi ndani ya mwani, yale majani ya baharini yanayoota juu ya mawe ya pwani. Na alifundisha hayo Iringa, kwenye shule ya kati iliyokuwa mlimani upande wa Kalenga, ambako asubuhi za Juni umande huganda juu ya nyasi, na kuifikia bahari ni safari ya siku mbili kwa lori, mvua zikikubali. Hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kuiona bahari. Mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu, kijana wa Kisafwa niliyetoka Mbeya na cheti kipya na mke mpya, nilikuwa sijaiona.

Tulimwita Mwalimu wa Viumbe, kwa sababu somo lake lilikuwa maarifa ya viumbe. Alikuwa Mhehe, mtu mzima, mrefu, mwenye shingo nyembamba ndani ya kola iliyopigwa pasi kali. Habari iliyokuwa ikizunguka ni kwamba alikuwa amefanya kazi pwani miaka minane kwa Mzungu mmoja mtafiti. Yeye mwenyewe hakuikataa habari hiyo wala hakuiongezea neno.

Darasani alianza kwa kuchora jiwe ubaoni, na juu ya jiwe mwani, na ndani ya mwani vidoa.

"Hivi vidoa ni nini?"

"Viumbe, Mwalimu."

"Wangapi?"

Watoto walihesabu vidoa. Kumi na saba. Naye akafuta ubao. "Mmehesabu wale waliokaa kuwasubiri. Walioruka je?"

Kisha akaeleza. Kwanza, usichague mahali kwa jicho, kwa sababu jicho lina upendeleo, litakupeleka kwenye mwani mzuri na kuuacha mbaya. Chukua fremu ya vijiti vinne, geuka nyuma, irushe. Itakapoangukia, hapo ndipo kazi yako. Pili, usikate kwanza. Chukua mfuko wa kitambaa chepesi, ufunike mwani polepole kuanzia nchani hadi shinani, kaza kamba, ndipo upitishe kisu chini ya mfuko. Ukikata kabla ya kufunika, wenye mbio watatoroka na utabaki na wazembe. "Mwenye haraka hupata konokono," alikuwa akisema, na wanafunzi waliligeuza neno hilo kuwa methali ya uwanja mzima wa shule, hata kwenye mpira wa miguu.

Tatu, tumbukiza mwani kwenye ndoo ya maji ya kisima. Mnyama wa baharini akionja maji yasiyo na chumvi huachia jani. Tikisa, mimina kwenye chekeche la matundu makubwa, kisha la matundu madogo, na waliobaki watie kwenye chupa yenye spiriti. Andika kwa penseli, si kwa wino, kwa kuwa spiriti hula wino, na karatasi uiweke ndani ya chupa. Mwani wenyewe ukamue maji, uupime uzito. Halafu uanze upya, mara kumi. "Mfuko mmoja ni umbea," alisema. "Mifuko kumi ni habari."

Mwani hatukuwa nao. Kwa hiyo aliwapeleka watoto mtoni, kwenye majani yanayoota majini karibu na kivuko cha Ruaha Mdogo. Ndipo foronya zikaingia katika maisha yangu.

Mke wangu alikuwa na foronya nne za harusi, alizozitarizi mwenyewe maua ya buluu. Siku moja Mwalimu wa Viumbe akaja nyumbani, akabisha hodi, akasalimia "Kamwene" kwa heshima zote, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mama, nimesikia una kitambaa chepesi."

"Nani amekuambia?"

"Nimekiona kwenye kamba ya kuanikia."

Mke wangu alinitazama mimi, nami nikatazama chai. Mwalimu aliondoka na foronya mbili. Zilirudi baada ya wiki, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zina rangi ya tope ambayo haikutoka kamwe. Na katika moja, pembeni ya ua la buluu, palikuwa na buu wa kereng'ende aliyekauka. Nilidhani mke wangu angepiga kelele. Badala yake aliketi akamshonea mifuko minne ya kitambaa cha marekani, yenye kamba ya kukaza mdomo, akaniambia, "Mpelekee. Na mwambie akitaka kitambaa tena, aombe, asitazame kamba za watu."

Jambo moja la mtoni silisahau. Mara ya kwanza walipofuata utaratibu wake, walitumbukiza majani ya mto kwenye ndoo ya maji ya kisima na kungoja. Hakuna kilichoachia. Konokono walikaa walipokuwa, mabuu wakatembea polepole, kiluwiluwi mmoja akaogelea kwa raha zake. Darasa zima lilikuwa linamtazama. Mwalimu wa Viumbe aliinama juu ya ndoo muda mrefu sana.

Mwanafunzi mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, hawa wamezaliwa kwenye maji haya haya."

Watoto wakacheka. Yeye hakukasirika wala hakucheka. Aliwarudisha shuleni, akaingia nyumbani kwake, na kwa siku mbili darasa lake lilikaa kimya likinakili ramani. Siku ya tatu alitokea na chumvi ya jikoni, akamwaga vikombe viwili ndani ya ndoo, na viumbe wa mto wakaachia majani kama matunda yaliyoiva. Mpishi wa shule alilalamika kuwa maharage yaliliwa bila chumvi hadi Jumamosi. Mimi nilijiuliza swali ambalo sikuthubutu kulisema: mtu aliyefanya kazi hii miaka minane, imekuwaje asijue jambo ambalo mtoto wa darasa la sita alilijua kwa kutazama tu?

Lakini kesho yake alinishangaza kwa jambo tofauti kabisa. Makundi matano ya wanafunzi yalileta mabeseni yao, na yeye, ambaye hakuwepo mtoni siku hiyo kwa sababu ya kikao, alipita akitazama tu. Kwenye beseni la nne alisimama.

"Ninyi mlikata kwanza."

"Hapana, Mwalimu."

"Mlikata kwanza, mkafunika baadaye. Angalieni wenyewe. Konokono kumi na mmoja, minyoo sita. Mwogeleaji hata mmoja hayumo. Wenzenu wote wanao."

Watoto wakatazamana. Ilikuwa kweli. Jioni hiyo bwenini walikuwa wakisema ana dawa. Kundi la tano nalo lilikuwa limeandika hesabu nzuri: kumi, ishirini, kumi, ishirini. Aliwarudishia karatasi bila kuitazama mara ya pili. "Mungu hakuumba hivi," akasema. "Nendeni mkahesabu."

Na mtu huyo aliyejua kuhesabu vya wengine, vyake hakuvihesabu. Nilimuuliza siku moja ana watoto wangapi. Akajibu, "Wanatosha." Nikamuuliza umri. "Umesogea." Mkewe alikuwa kwao, upande wa Ifunda, sijui kwa nini, na kila mwisho wa muhula alimfuata kwa miguu badala ya kupanda lori, sijui kwa nini pia. Kanisani aliimba sauti ya chini iliyotikisa benchi, lakini wakati wa mahubiri alilala usingizi mzito, na mchungaji, ambaye wengine aliwakemea, yeye alimwacha. Wakati wa ulanzi, pombe ya mianzi, alikunywa kikombe kimoja, akasema kimemtosha, kisha akakaa na wanywaji mpaka mwisho akiwa mkavu, akisikiliza ugomvi wao kama mtu anayesikiliza redio.

Kitu chochote kilichotoka majini hakula. Ndugu yangu alipita kutoka Ubaruku akatuletea mchele na samaki wakavu, mke wangu akapika, tukamwalika. Alipofunuliwa chungu aliinuka, akatoka nje, akasimama chini ya miti ya miwati akivuta pumzi. Tulimkuta huko.

"Nisamehe, mama. Harufu."

"Samaki hawa ni wazuri, Mwalimu. Shemeji yangu kawaleta kwa heshima."

"Najua. Heshima nimeipokea. Harufu ndiyo sijaweza."

Alikula wali mtupu na chumvi, akashukuru mara tatu.

Basi, hivyo ndivyo tulivyoishi naye miaka mitatu, mpaka Mkaguzi alipokuja.

Mkaguzi wa shule alikuwa Mzungu mwenye haraka, anayesema Kiswahili cha kununulia kuku. Mwalimu Mkuu wetu, mtu mwema lakini mwenye hofu, alikuwa amepaka chokaa mawe yote ya njiani. Mkaguzi alipita darasani kwangu dakika tano. Kwenye darasa la viumbe alikaa saa nzima. Mwanafunzi mmoja hodari alionyesha kila hatua: fremu, mfuko, kisu, ndoo, chekeche. Hakukosea neno.

"Mzuri," Mkaguzi akasema. "Hii ni kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mwani, Bwana."

"Mwani iko wapi?"

"Pwani, Bwana."

Mkaguzi akamgeukia Mwalimu wa Viumbe. Alimuuliza kwa nini asiwafundishe watoto wa wakulima juu ya wadudu wa mahindi, juu ya ndorobo, juu ya mmomonyoko wa udongo. Watatumia wapi elimu hii? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwombea moyoni aseme lolote, aseme wadudu wa mahindi nao hukusanywa hivyo hivyo, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hata mimi mtu wa hesabu nililiona. Yeye alifikiri, akasema, "Bado sijajua, Bwana."

Mkaguzi alifunga daftari lake.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Alitaka barua kutoka kwangu, kwa kuwa nilikuwa jirani na rafiki wa yule mzee, nieleze maoni yangu juu ya masomo yake. "Andika ukweli tu," akaniambia, huku akizungusha kalamu mezani. "Itamsaidia."

Niliandika mara nne. Nilichana mara tatu. Nilichopeleka kilisema: "Sielewi faida ya masomo haya, lakini sijawahi kuona masomo yanayofundishwa kwa uangalifu kama huu, na wanafunzi wake wamejifunza kutodanganya." Niliona nimemtetea. Lakini barua iliyokwenda juu, nilivyokuja kujua, ilichukua maneno matano ya kwanza tu, ikaweka nukta. Kabla ya muhula kwisha akahamishwa kwenda shule ndogo huko Usafwa, karibu na kwetu Mbeya, akafundishe darasa la kwanza kusoma a, e, i, o, u.

Mke wangu alipojua hakunisemesha siku nzima. Jioni akasema, "Ungeandika kwamba foronya zangu zimeharibika. Hilo angalau ulikuwa na hakika nalo."

Mwenyewe alikuja kuaga. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilianza, "Mwalimu, ile barua..."

"Nimeisoma. Mkuu kanionyesha ile yako yenyewe, yote." Akanishika bega. "Umeandika kwamba huelewi. Hujaongeza kitu. Asante."

Nilitafuta usoni mwake kama ananidhihaki. Sikuona. Lakini pia sikuona msamaha, kwa sababu hakuonekana kama mtu anayedhani ametendewa kosa. Alimpa mke wangu mkono, akamrudishia mifuko minne ya marekani iliyokunjwa vizuri, akateremka mlima na sanduku lake kichwani mwa mchukuzi. Nilibaki nimesimama na kitu kifuani ambacho sikujua nikiite aibu au hasira, na kama ni hasira, ni juu ya nani.

Miaka ilipita. Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipelekwa pwani kwa mafunzo ya walimu, miezi mitano. Bahari niliiona. Niliishangaa siku ya kwanza, siku ya pili nikaizoea, kuanzia wiki ya pili nikawa nalalamika juu ya joto kama wenzangu wote wa bara. Niliporudi nilihamishiwa Mbeya, na siku moja ya gulio nikaenda Mbalizi kununua viazi vya mbegu.

Alikuwa ameketi juu ya gunia mahali malori yanaposimama, koti kubwa la jeshi limemmeza. Shingo ilikuwa imezidi kuwa nyembamba. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akainua uso, akanitambua papo hapo.

"Marahaba. Mwalimu wa Hesabu! Mama foronya hajambo?"

Tulikunywa chai kwenye kibanda. Nilimwambia juu ya watoto wetu, naye akaniambia darasa lake la kwanza lina watoto hamsini na wanne na wote wanajua kusoma ila mmoja, na huyo mmoja anajua kupiga mluzi. Nikamwambia nimetoka pwani.

Kikombe chake kilisimama hewani.

"Ulikaa karibu na maji?"

"Mwendo wa dakika kumi, Mwalimu. Lakini wewe unapajua zaidi, umekaa miaka minane."

Alikiweka kikombe chini taratibu. "Mimi nilikaa chumbani," akasema.

Ndipo akanieleza, bila kunitazama. Wakusanyaji walikuwa watu wa pwani, waliojua maji. Yeye, mtu wa milimani, walihofia atazama. Kazi yake ilikuwa chumba cha chupa. Mifuko ililetwa mwani ukiwa umeshaoshwa na wanyama wameshakufa, naye akawatenga, akawahesabu, akaandika. Kwa makosa ya mifuko hiyo ndipo alipojifunza nani alifunika kwanza na nani alikata kwanza. Maji yalipokupwa yeye alikuwa ndani anahesabu. Alipotoka, bahari ilikuwa imejaa, mwani uko chini, haonekani mnyama.

"Jumapili je?"

"Jumapili nilikwenda kanisani." Akakizungusha kikombe. "Halafu niliogopa. Hata sasa sijui niliogopa nini. Mtu amehesabu kitu miaka mingi hivyo, akienda kukitazama na asikitambue?"

Yule mtafiti alimaliza kazi, akafunga chupa na karatasi zote kwenye makasha, akarudi kwao. Hakuandika. Mwalimu hakuwahi kuambiwa hesabu ile yote ilionyesha nini.

"Kwa hiyo ukatufundisha sisi," nikasema.

"Nilidhani katika watoto wengi, mmoja ataniuliza swali litakalonifanya nielewe. Yule wa maji ya kisima alikaribia." Akatabasamu kidogo. Kisha akaegemea mbele. "Sasa niambie wewe. Wakiwa hai, wana rangi gani?"

Sikuelewa.

"Kwenye karatasi palikuwa na mahali pa kuandika rangi. Spiriti hula rangi. Wote walifika kwangu weupe kama punje za mchele. Nikaandika nyeupe. Kila siku, nyeupe. Nataka kujua kama nilidanganya."

Miezi mitano, na nilikuwa nimeukanyaga ule mwani kwa viatu. Nilikuwa karibu kumwambia sijui. Kisha nikakumbuka jioni moja, maji yamekupwa, nimevua viatu.

"Mmoja alinirukia mguuni, Mwalimu. Hapa, juu ya kisigino. Nilidhani ni kipande cha jani kimenasa. Halafu nikaona jani lina miguu."

"Rangi?"

"Kijani."

"Kijani gani?"

Nilitazama huku na huko nikitafuta kitu cha kumwonyesha. Yeye alikuwa ameshasimama. Alinishika mkono kama mtoto anavyomshika mzazi, akanivuta mpaka kwa mama mmoja aliyeuza mboga chini. Akaokota jani la maboga. "Hiki?"

"Kimekolea mno."

Kabichi. "Hiki?"

"Hapana. Kile kilikuwa kinapitisha mwanga. Kama ungekiinua, ungeona mpaka ndani."

Yule mama alitutazama. "Baba zangu, mnanunua mboga au mnachagua mchumba?"

"Ngoja kidogo, mama," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Aligusa figiri, akaacha. Aligusa vitunguu vya majani, akavunja kimoja pale karibu na shina, mahali weupe unapoishia na kijani kinapoanza, akanionyesha.

"Hicho," nikasema. "Hicho hasa."

Alilipa fungu zima akachukua jani moja tu. Lori lake lilikuwa linapiga honi. Nilimsaidia kupanda nyuma, katikati ya magunia, na watu wakamsogezea nafasi. Nilimwita, nikitaka kumwambia jambo, labda lile la barua, labda lingine, hakunisikia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sijui kama alikuwa anacheka au analia, kwa sababu alikuwa amenipa kisogo, ameliinua lile jani juu kulikokuwa na jua, anatazama ndani yake.